Duranta za Shemeji

Gati hakuwa mtu wa kuficha dharau. Wapo watu ambao wakimdharau mtu humnyamazia, au humngoja apite ndipo wamcheke. Gati akikudharau, unajua. Jirani yako anajua. Na kama siku hiyo una mgeni, naye anaondoka anajua. Kijijini kwao, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Butiama, walishamzoea. Alimdharau mwenye duka kwa kupima sukari huku kidole gumba kikiwa ndani ya kopo. Alimdharau katekista kwa kusinzia katikati ya mahubiri yake mwenyewe. Lakini hao walikuwa wanapata makombo tu. Dharau yenyewe, ile ya sinia zima, alikuwa amemwekea shemeji yake Wenceslaus, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akikaa Musoma mjini, Iringo, katika nyumba yenye kioo mlangoni.

Na sababu alikuwa nayo. Mwaka 1983, wakati maduka yamebaki na rafu na muuzaji tu, mumewe Wanzagi alifariki. Wenceslaus siku hizo alikuwa msimamizi wa ghala la serikali mjini, na kila mtu alijua kwamba ndani ya ghala lile majora ya kitambaa cha marekani yalikuwa yamefika darini. Akapelekewa habari: kaka yako amefariki, njoo na sanda. Akaja kesho yake amevaa suti ya Kaunda, mkononi amebeba shada la maua ya karatasi lililofungwa kwa nailoni na utepe wa zambarau.

“Nguo ina utaratibu wake, shemeji,” alisema. “Inataka kibali, na mwenye kusaini yuko semina Mwanza.”

Wanzagi akazikwa na shuka aliyoolewa nayo Gati, viraka vyake vikiwa wazi kwa kila mwenye macho. Shada lilipowekwa juu ya kaburi, Gati alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa padri, “Haya, na maua yamvishe.” Padri aliendelea kusoma. Wenceslaus akajifuta jasho, akaondoka na gari la mchana, na tangu siku ile jina lake mdomoni mwa Gati halikutoka bila kusindikizwa na kitu.

Kaburi lile lilikuwa kwenye hame lao. Mwaka 1974 watu wote walihamishwa wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba zao za zamani zikabomolewa, na kule walikotoka kukabaki mahame: kiwanja kitupu, majivu, na mduara wa minyaa, ule ua uliokuwa ukizunguka mji wa mtu. Wanzagi hakuipenda ile mistari kandokando ya barabara hata siku moja. Alisema akifa asizikwe kama amesimama foleni. Gati akamrudisha kwenye hame, na mihogo yake akailima hukohuko, akizunguka kaburi kwa jembe kama mtu anavyozunguka aliyelala.

Baadaye mambo yakalegezwa. Yakaja mambo ya ruksa. Mitumba ikamwagwa sokoni, sabuni ikarudi, na watu wakaanza kurudi mmojammoja kwenye mahame yao bila kumwuliza mtu. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa kuwa hame halikuwa na hati. Lilikuwa na ua. Wakitokea wawili wanaligombania, mwenyekiti na wazee waliuzunguka ua mzima kwa miguu, kisha wakauliza swali moja: nani anaukata? Kupanda hakukuhesabiwa sana, maana hata mlevi anaweza kuchomeka kijiti ardhini akaenda zake. Anayeukata ua ndiye aliyekuwa hapo, mvua na kiangazi. Na mwenyewe alitakiwa ashike tawi mbele ya watu, atamke kwa kinywa chake. Hakuna kusemewa.

Gati hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, Justina, aliyeolewa Bunda. Wazee walimshauri afanye nyumba ntobhu kama wajane wengine wasio na mwana: atoe ng'ombe, aoe msichana, msichana azae watoto kwa jina la Wanzagi, na mji usimame. Gati aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

“Wanaume wa ukoo huu nimeshindwa kuwavumilia waliopo,” alisema. “Sasa nioe mwanamke anizalie wengine?”

Wazee wakainuka, wakakung'uta vumbi kwenye makoti yao. Hawakulirudia shauri hilo.

Ghala la Wenceslaus nalo likafungwa, na wote waliokuwa wakisubiri vibali wakaambiwa warudi nyumbani. Mtu mwingine angekonda. Wenceslaus alishuka Mwigobero, akaanza kununua sangara kwa wavuvi na kuwauzia wenye magari ya barafu, na kabla watu hawajaacha kumwonea huruma alikuwa na pikapu na kitambi. Mtu wa namna hiyo akishapata kitambi hukumbuka kwamba ana kijiji. Asubuhi moja ya masika, mwaka 1989, pikapu ikasimama kwenye hame. Wakashuka vibarua na mapanga, nyuma yao Wenceslaus amevaa viatu vyeupe.

“Haya minyaa yote yatoke,” alisema. “Mimea ya kishamba. Utomvu wake unapofusha watu.”

Minyaa ile aliipanda Wanzagi mwenyewe mwaka aliomwoa Gati. Gati alisimama katikati ya mihogo, jembe begani, akaitazama ikianguka na kuvuja maziwa yake. Angeweza kusema neno. Hakusema. Alikuwa anafikiri kwamba mpumbavu akiwa kazini si vizuri kumkatiza. Na kwa kweli alikuwa anaona utamu fulani, kumwona mtu mzima anang'oa ua uliomaliza kukua ili apande ambao haujaanza.

Kutoka nyuma ya pikapu ikateremshwa miche midogo kwenye viriba vyeusi vya plastiki. Wenceslaus alikuwa ameinunua Kabasa, pale Bunda, kwa Muharami, aliyekuwa na kitalu chake kando ya nyumba na aliyewauzia watu wenye pikapu kitu chochote chenye jani.

“Hii inaitwa duranta, shemeji. Ua wa kisasa. Inatoaga maua ya zambarau na vitunda vya njano, vinaning'inia.”

“Vinaliwa?”

“Hapana. Vina sumu.”

“Majani, ng'ombe wanakula?”

“Hawali.”

“Ni kuni basi.”

“Shemeji, hii ni ya kutazama.”

Gati aliutazama mche ule. Ulikuwa na majani sita na uchovu wa safari. “Sawa,” alisema. “Nimeshautazama.”

Jioni alimsimulia Jeska, jirani yake wa kule barabarani, mjane mwenzake na mtu pekee aliyeweza kumwambia Gati jambo bila kujibiwa vibaya zaidi ya mara moja. “Amepanda kitu cha kutazama, halafu amekwenda zake Musoma. Sasa anakitazama na nini?” Walicheka mpaka Jeska akashika mbavu.

Kabla ya kuondoka Wenceslaus alikuwa ameacha mche mmoja wa sabuni na agizo. “Kwa vile wewe uko hapa kila siku, shemeji, utaimwagia maji kidogo.” Alisema hivyo akiwa tayari amekaa kwenye pikapu, mlango umefungwa. Gati aliipokea sabuni, maana sabuni haikuwa imemkosea kitu. Agizo aliliacha palepale lilipoangukia.

Mvua zikakatika mapema. Duranta zikaanza kujikunja, kisha zikawa za rangi ya chai. Gati alipita kando yake kila siku na ndoo ya maji ya kunywa kichwani, akiziambia kwaheri. Lakini minyaa ilikuwa imekwisha kung'olewa, na mbuzi wa kijiji kizima walikuwa wamepata habari. Waliingia wakala mihogo. Siku moja alimkuta beberu wa katekista amesimama juu ya kaburi la Wanzagi, anatafuna, anamtazama usoni kama aliyekaribishwa. Alimfukuza kwa mawe mpaka barabarani. Aliporudi, akihema, aliona jambo: upande ule ambao duranta chache zilikuwa bado hai, mbuzi walinusa, wakakunja pua, wakageuka. Hawakuzitaka hata kwa njaa ya kiangazi.

Kesho yake Gati alibeba ndoo mbili za ziada kutoka kisimani.

Alizimwagia huku akizitukana. Aliziita maharusi wa mjini, wanaotaka maji kabla ya kusalimia. Aliweka nyasi kavu kwenye mashina ili unyevu usipotee, na majivu ya jikoni kuzuia mchwa. Zilizokufa alizijaza: alikata vijiti vya unene wa penseli kutoka kwa zilizo hai, akavichomeka kwenye udongo wenye samadi chini ya kivuli cha mihogo, na vilipotoa majani akavihamishia kwenye nafasi wazi, shubiri mbili kati ya mche na mche. Alikuwa anafanya haya yote, alijiambia, kwa ajili ya mihogo na kwa ajili ya marehemu. Wenceslaus hakuwemo.

Kisha ikaja kazi ya kukata, na hapo ndipo wengi huharibu. Duranta ukiionea huruma, inakimbilia juu. Chini inabaki vijiti, kichwani kichaka, na kuku wanapita katikati wanavyotaka. Inatakiwa uikate ikiwa bado fupi, imefika gotini tu, wakati ndiyo kwanza inapendeza na moyo wako unasema uiache. Ukiikata hapo inakasirika, inatoa matawi manne penye moja. Unaiacha, inafika kiunoni, unaikata tena. Na siku zote unaiacha pana chini kuliko juu, jua lipate kufika mashinani. Gati alikuwa ameyajua haya tangu usichana wake, alipofanya kazi kwa masista wa misheni. Nao aliwadharau, kwa sababu walikuwa wanapima ua kwa rula. Yeye alifunga uzi wa gunia kati ya vigingi viwili, akanoa panga mpaka likanyoa, akafuata uzi, miiba ya duranta ikimchana mikono. Alifanya mchana wa jua kali, watu wakiwa wamejilaza vivulini, asionekane.

Jeska alimwona, kwa sababu Jeska alikuwa anaona kila kitu. Justina naye alimwona, alipokuja kusalimia kutoka Bunda: mama yake yuko juu ya kinu kilichopinduliwa, ulimi umetoka kidogo kwa umakini, anakata tawi moja, anarudi nyuma, anatazama, anasogea, anakata jingine.

“Mama, umeyapenda haya maua,” alisema Justina.

“Nimeyapenda nini? Nayapunguza ujeuri.”

Miaka minne ikapita hivyo. Ua ulifika usawa wa kifua, umefungana vizuri hata nyoka angetafuta mlango. Ulitoa vishada vya zambarau, na vitunda vya njano vikaning'inia, na watu waendao mnadani walipunguza mwendo. Hapo ndipo Wenceslaus alipoanza kuja. Alikuja na mkewe Hyasinta, mwanamke mweupe wa sabuni, aliyekuwa akitembea shambani huku ameshika gauni kwa vidole viwili kama anavuka mto. Walileta wageni kutoka mjini. Walileta mpiga picha. Waliegemea ua, wakatabasamu, wakasogea kushoto, wakatabasamu tena.

“Jamani, huu ua mnakatiwa na nani?” mgeni mmoja aliuliza.

“Kuna mama mmoja huku,” alisema Hyasinta.

Gati alikuwa hatua chache ndani ya mihogo, ameinama. Alibaki ameinama. Mama mmoja. Siku ile palizi yake ilikuwa ya hasira na alikata mihogo miwili isiyo na kosa.

Mwaka huohuo, 1993, mume wa Justina alimfukuza. Alileta mwanamke mwingine wa kutoka Kabasa, akamwambia Justina achukue watoto wake wawili na vyombo vyake aende kwao. Justina alipanga chumba kimoja Bunda, chenye dirisha linalotazama choo cha jirani, akawa anauza dagaa kwenye beseni. Gati alikwenda kukiona chumba kile. Hakutoa dharau yoyote, na Justina alipoona mama yake amenyamaza, akajua kwamba hali ni mbaya. Kibanda cha Gati kule barabarani hakikuweza kulaza watu wanne. Kilikuwa kinamlaza mmoja kwa shida. Lakini kwenye hame palikuwa na nafasi. Gati akaanza kukata miti ya kujengea, akaiegemeza kando ya kaburi, akamtumia binti yake habari: nyumba itasimama kabla ya vuli, njoo na watoto.

Habari zikafika Iringo kabla hazijafika Bunda. Wenceslaus alikuja na pikapu, akaitazama ile miti.

“Shemeji, hapa mimi nina mpango wa kujenga nyumba ya matofali. Ya kupumzikia.”

“Umechokea wapi?”

“Binti akishaolewa ni wa kwa watu. Hame ni la ukoo. Na mimi ndiye niliyebaki.”

“Umebaki kweli,” alisema Gati. “Vitu vinavyobaki huwaga tunampa mbwa.”

Wenceslaus akaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Burito, mtu wa maneno machache na goti bovu, aliyekuwa anasikiliza kesi akiwa amenyoosha mguu mmoja. Alipanga siku. Jioni ya kuamkia siku hiyo Jeska alikuja kwa Gati, akakaa juu ya ndoo.

“Nimeongea na Burito,” alisema. “Anajua. Wote wanajua. Wensi hawezi kusema anaukata, panga kwake ni la kukatia keki. Kesho ukiulizwa, shika tawi, sema ‘mimi ndiye ninayeukata.’ Basi. Usiongeze kitu. Gati, nakuomba. Usiongeze kitu.”

“Mimi nina maneno mengi?”

Jeska aliinuka juu ya ndoo, akaenda zake kulala.

Asubuhi watu walijaa. Justina alikuwa amefika kutoka Bunda na basi la kwanza, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa mkononi, na mabegi yake kwenye kibanda cha mama yake, kwa kuwa chumba cha Bunda alishakirudisha. Wenceslaus alikuja na Hyasinta, naye Hyasinta alikuja na mwavuli. Burito na wazee waliuzunguka ua wote taratibu, kwa mwendo wa lile goti. Walipitisha viganja juu ya majani. Mzee mmoja aliinama kutazama mashina, akainuka akisema, “Huu umekatwa na mtu.” Ilikuwa sifa kubwa. Gati aliisikia ikimpita mwilini kama uji wa moto asubuhi ya mvua, na kwa nje akatazama pembeni kana kwamba wanamsifia mbwa wa mtu.

Burito akakaa, akanyoosha mguu. “Wenceslaus, sema.”

“Miche nimenunua mimi, Kabasa, kwa Muharami. Yupo, mwulizeni. Vibarua nilileta mimi. Yale minyaa niliyang'oa mimi.”

“Hilo la kung'oa ungelinyamazia,” alisema Burito, watu wakacheka. “Swali letu unalijua. Ua huu nani anaukata?”

Wenceslaus akafungua mdomo, akatazama viatu vyake, akaufunga. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mkunjo wa shingo. Gati alimtazama na kuona kwamba amekwisha, na moyo wake ukakaa vizuri kifuani. Alianza hata kusogea kuelekea kwenye ua. Ndipo Hyasinta, ambaye hakuna aliyemuuliza, alipoamua kumsaidia mumewe.

“Jamani, mbona tunasumbuana? Anayeukata si shemeji huyu hapa? Sisi wenyewe ndio tulimwachia hiyo kazi, tunamtumiaga sabuni, tunamtumiaga na chumvi. Kwetu Musoma mtu wa kukata maua tunamwitaga shamba boi. Sasa shamba boi akikata ua wako, nyumba inakuwa ya kwake?”

Kicheko kilitoka upande wa vijana, kidogo, kikazimwa.

“Mama, wewe hujaulizwa,” alisema Burito. “Sisi hapa hatuhukumugi kwa sabuni. Aukate kwa kutumwa, aukate kwa kupenda, anayeukata ndiye aliyekuwa hapa. Na umetusaidia, umeshatuambia ni nani.” Akamgeukia Gati, na sauti yake ikawa ya mtu anayemfungulia mwenzake mlango. “Mama Justina. Shika tawi, utuambie mwenyewe, twende tukanywe chai.”

Gati alikuwa amekwisha kufika kwenye ua. Mkono wake ulikuwa karibu na tawi. Lakini masikioni mwake hakumsikia Burito. Alisikia shamba boi. Akashike tawi, aseme ndiyo, mimi ndiye niliyemwagia maji maua ya Wenceslaus? Mtu aliyemnyima kaka yake sanda akamletea karatasi, aseme mbele ya kijiji kizima kwamba kwa miaka minne amekuwa akimkatia, akimnyooshea kwa uzi, akimpambia mahali pa kupigia picha? Alimwona Hyasinta chini ya mwavuli, anatabasamu kwa upole wa mtu anayengoja kusema si niliwaambia. Gati akaurudisha mkono.

“Mimi?” alisema. “Mimi nikate takataka hii? Kitu hakiliwi, hakichomwi, hata mbuzi wana akili ya kukikataa. Mimi nina mihogo ya kulima. Haya maua ni ya wenye nayo. Mimi sijawahi kuyagusa.”

Watu waliangua kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri, cha kumcheka Hyasinta, ambaye tabasamu lilimtoka na mwavuli ukainama. Gati aliwatazama wote wawili, mume na mke, walivyofifia. Tangu siku ya mazishi alikuwa hajapata utamu wa namna ile. Ulidumu kwa muda wa kumeza mate.

Kisha akaona kwamba Burito hacheki. Jeska alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Wazee walikuwa wanatazamana.

“Mama Justina,” alisema Burito polepole, “mikono yako imechanwachanwa mpaka kwenye viwiko. Hiyo ni miiba ya nini?”

Alikuwa anampa nafasi nyingine. Hata mtoto angeiona. Gati naye aliiona. Lakini kurudi nyuma kulikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilipita mbele ya Hyasinta.

“Mbigili,” alisema Gati. “Kwenye mihogo kuna mbigili.”

“Mwenyekiti, mimi nimemwona,” alisema Jeska, akiinuka. “Miaka yote nimemwona, na panga, na uzi.”

“Kaa, Jeska. Hakuna kusemewa, unajua. Na mwenyewe amekana.”

Wenceslaus alikuwa mzito wa mambo mengi, lakini hakuwa mzito wa kuona samaki aliyejirusha mwenyewe ndani ya mtumbwi. Alisogea, akashika tawi kwa ncha za vidole, la kwanza alilolifikia. “Mimi ndiye ninayeukata,” alisema. “Kwa mikono ya vibarua wangu.” Ulikuwa uongo ambao kila aliyekuwepo aliujua, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki ya kuupinga, naye alikuwa amesimama, mikono yake ameificha ndani ya kanga.

Burito aliuma midomo. Alingoja, akangoja tena kupita kiasi cha desturi. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeshika tawi, hame ni la Wenceslaus, kaburi litaheshimiwa, mjane ataruhusiwa kuvuna mihogo iliyopo, na miti ya kujengea iondolewe. Alisimama kwa shida na goti lake, akaondoka bila kumuaga mtu.

Watu wakatawanyika wakizungumza kwa sauti ya chini. Wenceslaus, ambaye ushindi ulimfanya mkarimu, alimsogelea shemeji yake.

“Hakuna ubaya, shemeji. Na kuhusu huu ua, kama utapata nafasi ya kuendelea kuuangalia, sisi tutaona namna ya kukushukuru.” Hyasinta alikuwa tayari anauzunguka ua, akionyesha kwa mwavuli mahali panapofaa kuvunjwa ili pikapu iingie.

Gati alikwisha kumpa mgongo. Justina alikuwa amesimama mbele yake, mtoto mgongoni amelala, mkubwa anavuta kanga yake akiuliza nyumba yao iko wapi.

“Mama,” alisema Justina, “ulikuwa unayakata. Mimi nilikuona.”

“Najua.”

“Ulikuwa unayakata vizuri.”

Justina alimngoja kidogo, kama Burito alivyomngoja. Halafu akamshika mtoto mkono, akaenda kibandani kuchukua mabegi yake, akaitafuta barabara ya Bunda kabla basi la mchana halijapita.

Gati alibaki nje ya ua, upande wa wapita njia. Aliutazama ule mstari alioufuata kwa uzi mwaka hadi mwaka, ulivyonyooka. Wanakijiji wa mwisho walimpita wakamsalimu, na yeye akatafuta neno la kumdharau mmoja wao, yeyote, kama ilivyokuwa kawaida yake. Maneno yalikuja mengi na makali, na kila moja, alipoligeuza aone linamfaa nani, aliona linamfaa yeye.